Sheria ya Mkopo, Bei ya Kiwanja

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wageni ambao bila shaka mmekuja kwa sababu mna deni la nyumba au mnalitafuta: nawashukuru kwa kunipa saa hii. Najua hotuba ya uchumi baada ya chakula cha mchana ni adhabu, kwa hiyo nitatanguliza hoja yenyewe. Anayetaka kusinzia asinzie akiwa ameshaijua.

Serikali ikitia mkono kwenye mikopo, gharama na hatari hazifutiki. Zinabadilisha mbebaji. Kwenye soko la nyumba, mbebaji mpya mara nyingi ni mtu ambaye hakualikwa kikaoni: kijana anayetafuta nyumba ya kwanza, mpangaji, mfanyabiashara mdogo asiye na karatasi ya mshahara. Anayefaidi naye mara nyingi hakualikwa, maana ni mwenye kiwanja. Haya hutokea kwa sababu kanuni za mikopo zinaandikwa benki kuu na wizara ya fedha, ilhali kanuni za ardhi na ujenzi zinaandikwa halmashauri na idara za mipango miji. Wakubwa wa pande hizi mbili hukutana kwa nadra, labda msibani.

Tupige hesabu, msiogope. Chukueni familia inayoweza kulipa 10,000 kila mwezi, kwa fedha yoyote mnayoipenda, kwa mkopo wa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 13 kwa mwaka, marejesho hayo yanabeba mkopo wa kama 853,000. Sasa serikali inaingilia kati, riba inashuka hadi asilimia 9. Familia ni ile ile, mshahara ule ule, 10,000 ile ile. Mkopo unaobebeka sasa ni kama 1,111,000. Uwezo wao wa kukopa umepanda kwa asilimia 30 kwa saini moja, na hakuna aliyepandishwa cheo kazini.

Hiyo asilimia 30 inakwenda wapi? Kama viwanja vipo, vibali vinatoka kwa wakati na maji na barabara vimefika, wajenzi wataona wateja wapya na watajenga. Hapo riba nafuu inageuka kuta na mabati. Lakini kama idadi ya nyumba imekwama, familia 50 zinagombania nyumba 40 zile zile, na kila familia ina takriban 258,000 za kuongezea dau. Muuzaji si mjinga. Vumbi likitua, nyumba bado ni 40 na familia 10 bado ziko nje. Waliopata wamepata kwa bei ya juu, wana deni kubwa zaidi, na kila mwezi wanalipa kiasi kile kile walichokuwa wakilipa kabla ya nafuu. Nafuu yenyewe imeishia mfukoni mwa mwenye ardhi. Halafu kuna kianzio, zile fedha za mwanzo ambazo benki inataka uziweke mwenyewe mezani. Kianzio ni asilimia ya bei. Bei ikipanda kinapanda, na kianzio hakikopwi, kinawekwa akiba kwa miaka. Kwa hiyo mtu yule ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake anaweza kujikuta mbali zaidi na mlango kuliko alivyokuwa.

Haya si ya ubaoni tu. Kati ya mwaka 2013 na 2023 serikali ya Uingereza iliendesha mpango wa Help to Buy, ambapo mnunuzi wa nyumba mpya katika England alikopeshwa na serikali hadi asilimia 20 ya bei, na London kuanzia mwaka 2016 hadi asilimia 40. Watafiti wa London School of Economics waliupima mpango huo kwa njia iliyonivutia sana: walilinganisha sehemu zilizokuwa pande mbili za mpaka, upande mmoja msaada mkubwa, upande mwingine mdogo. Ndani ya London, ambako kujenga ni shida kubwa, msaada ulipandisha bei za nyumba mpya na haukuongeza ujenzi kwa kiasi cha kuonekana. Kwenye mpaka wa England na Wales, ambako ardhi ni rahisi kupatikana, msaada wa aina hiyo hiyo uliongeza ujenzi na bei hazikutikisika. Sera ni moja na serikali ni moja, ila matokeo yamepishana kama usiku na mchana. Kilichoamua ni kibali cha ujenzi.

Kuna watu humu ambao tangu nianze wananisubiri niseme kuhusu ukomo wa riba. Haya, tuingie Kenya.

Mwezi Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Benki, na Septemba yakaanza kutumika. Benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10.5, na Septemba hiyo hiyo kikashushwa hadi 10, hivyo kikomo kikawa 14, wakati wastani wa riba za benki ulikuwa unakaribia asilimia 18. Wananchi walishangilia, na sikuwalaumu hata kidogo. Benki zilikuwa zimejipatia faida nono kwa miaka mingi, na tofauti kati ya riba ya mkopo na ya amana ilikuwa inauma. Aliyekuwa tayari na mkopo alishushiwa marejesho yake.

Sasa kaeni upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha afisa mikopo. Mbele yako yuko mwenye duka, hesabu zake ziko kwenye daftari, dhamana yake ni kiwanja ambacho hati yake bado ina jina la marehemu baba. Zamani ungempa kwa asilimia 20, ile ziada ikiwa bima yako dhidi ya uwezekano wa kutolipwa. Sheria inakuambia mwisho ni 14. Na hapo hapo serikali yenyewe inakuja kukukopa kwa hatifungani zinazolipa asilimia 12 au 13, bila kumfuatilia mtu, bila dalali, bila mahakama. Hata kama una moyo wa huruma, utamwambia mwenye duka arudi wiki ijayo. Na wiki ijayo utamwambia vivyo hivyo.

Ndivyo ilivyokuwa. Nitende haki: ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya sheria, na si kila kosa ni la ukomo. Ila mwaka 2017 ukuaji huo ulishuka hadi karibu asilimia 2, na walioumia kwanza ni wakopaji wadogo. Wengi wao hawakuacha kukopa. Walihamia kwenye mikopo ya simu, ambayo sheria ile haikuigusa. Mkopo wa siku 30 kwa asilimia 15 ukiuweka kwa mwaka ni asilimia 180, hata bila kuzidisha riba juu ya riba. Bunge liliwafungia asilimia 18, wakaenda kulipa mara kumi yake. Ukomo uliondolewa Novemba 2019, na mwaka 2021 ikabidi Benki Kuu ya Kenya ipewe mamlaka juu ya hao wakopeshaji wa kidijitali.

Na nyumba je? Katika miaka yote hiyo ya mvutano, mikopo ya rehani, yaani ya kununulia nyumba kwa dhamana ya nyumba yenyewe, nchini Kenya haikufika 30,000, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Hebu itafakarini hiyo namba. Taifa zima lilibishana kuhusu riba, na soko la rehani likabaki na wateja wanaoweza kuenea kwenye uwanja mmoja wa mpira. Kilichowazuia wengine wote si zile pointi 4. Ni kipato kisicho na karatasi, hati za ardhi zisizo safi, gharama za wanasheria na wathamini, na nyumba ambazo bei yake ya kuanzia ni ya juu mno kwa mshahara wa kawaida. Walio wengi wanajenga kwa chama cha akiba na mikopo au kwa mfuko wao, chumba baada ya chumba.

Msije mkatoka hapa mkisema mzee huyu anataka serikali ijitoe. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika, ambao Wamarekani wanauona kama haki ya kuzaliwa, haukuletwa na soko. Kabla ya miaka ya 1930 rehani ya Marekani ilikuwa ya miaka michache, kianzio kinaweza kufika nusu ya bei, na mwisho wa muda unadaiwa kitita chote kwa mpigo. Mdororo mkuu wa uchumi ulipokuja benki hazikuweza kuongeza muda, na watu wakapoteza nyumba kwa maelfu. Mwaka 1933 serikali ikaunda shirika lililonunua rehani zipatazo milioni moja na kuzigeuza kuwa za muda mrefu. Mwaka 1934 ikaanzisha bima ya mikopo ya nyumba, na mwaka 1938 likaja shirika la Fannie Mae kununua mikopo hiyo kutoka kwa wakopeshaji ili wapate fedha za kukopesha tena. Bila mkono wa serikali, hakuna benki ingejifunga miaka 20 au 30 na fundi wa kiwandani.

Lakini mkono huo huo ulichora ramani. Mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu kuwa ni hatari, na bima ya serikali ikaikwepa. Hapakuhitajika tangazo la chuki. Fomu ya kuthamini nyumba ilitosha. Mzungu alipata mkopo nafuu akanunua nje ya mji, nyumba ikapanda thamani, watoto wakarithi. Mweusi mwenye mshahara sawa alinyimwa. Ubaguzi huo ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1968, baada ya miaka zaidi ya 30 ya utajiri kugawanywa kwa penseli ya rangi. Kwa maoni yangu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu iliyomo kwenye kanuni ndogo ya kiofisi, na inanisikitisha kwamba vitabu vingi vya fedha vinaupitia kwa aya moja.

Wamarekani hao hao walijaribu pia ukomo wa aina nyingine: kwenye riba ya amana. Sheria ya mwaka 1933 iliupa msingi, na mwaka 1966 ukapanuliwa hadi kwenye vyama vya akiba vilivyokuwa vikikopesha nyumba. Nia ilikuwa njema: chama kikipata amana kwa bei ndogo, kitakopesha nyumba kwa bei ndogo. Mfumuko wa bei ulipopita asilimia 10 mwishoni mwa miaka ya 1970, mweka akiba aliyekuwa akilipwa asilimia 5.5 alitoa fedha zake akazipeleka kwenye mifuko ya uwekezaji iliyolipa zaidi. Vyama vikabaki na mikopo ya miaka 30 ya riba ndogo na hazina tupu. Serikali ikalegeza kila kitu kwa pupa, vyama vikakimbilia miradi ya hatari ili kufidia hasara, na kati ya mwaka 1986 na 1995 zaidi ya 1,000 vilianguka. Mlipa kodi alibeba kama dola bilioni 124.

Sasa kuna kanuni moja ambayo haipigiwi kura wala haijadiliwi redioni, na pengine inaamua zaidi ya hizo zote. Mwaka 1988 wasimamizi wa benki wa nchi tajiri walikubaliana mjini Basel kwamba benki iweke mtaji wake, yaani fedha za wenye benki wenyewe, wa asilimia 8 dhidi ya mikopo, lakini si kila mkopo uhesabiwe sawa. Mkopo wa biashara ulihesabiwa wote. Mkopo wa rehani ya nyumba ulihesabiwa nusu. Maana yake, ukiikopesha karakana 100 unatenga 8. Ukimkopesha mnunuzi wa nyumba 100 unatenga 4. Mwaka 2004 rehani ikashushwa zaidi hadi asilimia 35, yaani unatenga 2.8. Mkurugenzi wa benki anajua kugawanya. Kwa mtaji ule ule anaweza kukopesha nyumba karibu mara tatu ya anavyoweza kukopesha karakana. Halafu tunakaa kwenye makongamano tukijiuliza kwa nini fedha zinakimbilia majengo na viwanda vinalia njaa!

Baada ya masoko ya fedha kuporomoka mwaka 2008, upepo uligeuka na wasimamizi wakaanza kumbana mkopaji mwenyewe. New Zealand, Oktoba 2013, iliziambia benki kwamba si zaidi ya asilimia 10 ya mikopo mipya ya nyumba iende kwa watu wenye kianzio cha chini ya asilimia 20. Ireland mwaka 2015 iliweka kikomo cha mkopo kuwa mara 3.5 ya kipato cha mwaka, na kuanzia Januari 2023 ikalegeza hadi mara 4 kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Mimi naziunga mkono kanuni za namna hii. Zinazuia benki kushindana kwa ujinga, na zinamwokoa mtu na deni litakalomzika. Lakini tusidanganyane kuhusu nani anazilipia. Mwenye wazazi wenye uwezo analetewa kianzio na wazazi. Mwekezaji mwenye nyumba tatu ana dhamana tele. Anayebaki nje ni mtu mwenye mshahara mzuri na asiye na mtu nyuma yake, ambaye analipa kodi ya pango kubwa kuliko marejesho aliyokataliwa.

Na Ireland ina kisa kingine ndani yake. Mwaka 2006 ilikamilisha nyumba zaidi ya 80,000. Mikopo ilikuwa inamwagika. Bei zilipoanguka kwa karibu nusu baada ya mwaka 2007, wajenzi walifilisika, mafundi wakahamia nchi nyingine, na mwaka 2013 nyumba zilizokamilika hazikufika 10,000. Kwa hiyo kanuni ya mwaka 2015 ilikuta nchi ambayo watu wanaongezeka na waashi hawapo. Kubana mkopo kulipunguza kasi ya bei, ila hakukuleta tofali hata moja. Msimamizi wa benki hana mamlaka juu ya tofali.

Nigusie pia jambo la kupiga nyumba mnada, kwa kifupi, kwa sababu wanasheria waliomo humu wataliuliza. Nchi nyingi zinampa mdaiwa muda fulani kabla nyumba haijauzwa. Nchini Marekani majimbo yanatofautiana, na Karen Pence wa benki kuu ya nchi hiyo alionyesha mwaka 2006 kwamba pale sheria inapomlinda zaidi mdaiwa, mikopo inakuwa midogo kwa asilimia 3 hadi 7. Ulinzi una bei. Mimi naona ni bei inayofaa kulipwa, maana familia iliyotupwa nje kwa haraka ni gharama kwa jamii nzima. Lakini ilipwe tukijua, siyo tujifanye ni bure.

Basi nikiulizwa ningefanya nini, najibu kwamba ningeanza mbali na benki. Auckland, jiji kubwa la New Zealand, lilikuwa na bei za kutisha. Mwaka 2016 likabadilisha mpango wake wa ujenzi na kuruhusu nyumba zaidi, za kupangana na za ghorofa, kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi. Hakuna aliyeamriwa kujenga. Katika miaka iliyofuata ujenzi uliongezeka sana, hasa kwenye maeneo hayo yaliyofunguliwa. Hilo ni agizo la serikali nalo, la kuondoa kizuizi badala ya kuweka kingine, na halikuhitaji kumkopesha mtu hata senti.

Ugumu wake ni wa kisiasa. Aliyekwisha kununua anataka bei ipande, au walau isishuke, kwa sababu deni lake halishuki. Huyo anahudhuria vikao vya halmashauri na anapinga ghorofa mtaani kwake. Yule ambaye angehamia kwenye ghorofa hiyo anaishi na kupiga kura kwingine. Auckland ilivuka kwa sababu jopo huru lilisikiliza mashauri na kupeleka mapendekezo, badala ya kila mtaa kujiamulia. Japani imekwenda mbali zaidi: aina za maeneo ya ujenzi zimewekwa na sheria ya taifa, na mji unachagua kutoka kwenye orodha hiyo hiyo, haujitungii yake. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wachumi wa benki kuu mlioko hapa ni hili: kabla hamjapeleka bungeni nafuu yoyote ya mkopo wa nyumba, ambatisheni ukurasa mmoja unaoonyesha, wilaya kwa wilaya, kibali cha ujenzi kinachukua siku ngapi na nyumba ngapi zilikamilika mwaka uliopita. Pale ambapo kibali kinachukua miaka miwili, nafuu hiyo isubiri hadi kibali kirekebishwe. Najua mbunge wa wilaya hiyo atanichukia. Sasa tusikie maswali.